Lions na kazi ya macho

Ndugu, umeuliza kama wale Lions, yaani wanachama wa Lions Club, chama cha watu wa kujitolea, wenye vizibao vya njano, wanafanya lolote zaidi ya kula hotelini na kupiga picha. Picha wanapiga, hilo sikatai 😄 Lakini kwenye macho wamejitahidi. Mwaka 1925 Helen Keller, mwandishi Mmarekani aliyekuwa kipofu na kiziwi, aliwaomba wawe watetezi wa vipofu, na mpaka leo hawajaiacha kazi hiyo. Nairobi, pale Loresho, wana hospitali ya macho kabisa. Bibi yangu alipimwa kwenye kambi yao ya kupima macho, akaonekana ana mtoto wa jicho, akapasuliwa. Asubuhi alipofunguliwa bandeji, neno la kwanza: "Wewe, shati hili limechanika tangu lini?" Ukisikia kambi inakuja kwenu, wahi foleni alfajiri.