Mleta mada, katoni hiyo ya Bordeaux usiinunue kwa ajili ya kuitunza

Mleta mada, simamisha kwanza malipo. Umeandika kwamba umepata bonasi, unataka kujifunza mvinyo, wiski na bia kwa utaratibu, unauliza uanze na kipi, ununue glasi za aina gani na kama ipo kozi inayofaa. Kisha, katikati ya maelezo hayo, umegusia kana kwamba ni jambo dogo kuwa umeshaongea na mwenye duka akuwekee katoni ya mvinyo mwekundu wa Bordeaux, eneo la mvinyo huko Ufaransa, utakayoihifadhi juu ya kabati la chumbani hapo Tabata, Dar es Salaam, mpaka binti yako aliyezaliwa mwaka huu atakapofanyiwa sendofu. Wachangiaji walionitangulia wamekupongeza. Mimi nakusihi usifanye hivyo, kwa sababu nilishafanya na ninajua linakoishia.

Tulipofunga ndoa nilinunua katoni ya namna hiyo hiyo, mvinyo wa Bordeaux uliovunwa mwaka wetu wa harusi, kwa nia ya kuufungua tukitimiza miaka kumi. Bei yake ilizidi mshahara wangu wa mwezi kwa wakati ule, na mke wangu alikubali kwa sababu nilimhakikishia kwamba ule ni uwekezaji. Maneno hayo sikuyatunga mimi. Aliniambia muuzaji, katika duka ambalo sitalitaja, akinionyesha kwa kidole maandishi ya dhahabu kwenye lebo yaliyosomeka «Grand Vin de Bordeaux», yaani mvinyo mkuu wa Bordeaux, akaeleza kuwa hiyo ni alama ya daraja la juu na kwamba mvinyo kadiri unavyokaa ndivyo unavyonoga na kupanda thamani. Nikaulizia mahali pa kuuweka, akajibu kwamba popote pasipo na jua panatosha.

Siku ilipofika, wakwe zangu wakiwa wamekaa mezani, nilishika kizibuo nikafungua chupa ya kwanza. Kabla hata ya kuvuta niliona kwamba kizibo kimejitokeza kidogo juu ya mdomo wa chupa, na shingoni, chini ya karatasi ya kufunikia, palikuwa na utando mweusi unaonata. Kizibo kilitoka bila ukinzani wowote, ubavuni kimelowa kuanzia chini hadi juu. Mvinyo ulitoka na rangi ya chai ya rangi iliyolala, na harufu yake ilikuwa ya matunda makavu yaliyochemshwa mpaka yakashika sufuria, ikifuatiwa na ukali wa siki uliopanda puani. Baba mkwe, ambaye ni mtu wa adabu sana, alimeza funda moja, akaweka glasi chini taratibu, akasema huenda ndivyo wenyewe wanavyoupenda huko Ulaya. Nilifungua ya pili, ya tatu, na zilizofuata, kwa matumaini kwamba ile ya kwanza ilikuwa na bahati mbaya. Zote zilikuwa hivyo. Shemeji yangu mdogo alitumwa grosari kuleta kreti la bia, na sherehe ikaendelea.

Hasira yangu kwa muuzaji yule haijaisha, na sioni sababu ya kuificha. Kiyoyozi cha duka lake kilizimwa kila jioni alipofunga. Chupa zake zilisimama wima miezi na miezi kwenye rafu ya kioo inayotazama jua la magharibi, na bado alinitazama usoni akanifundisha habari za kutunza mvinyo. Kama hakujua, basi alikuwa akipokea fedha za watu kwa bidhaa asiyoijua. Kama alijua, basi alinidhulumu kwa makusudi. Nilichokuja kufahamu baadaye ni kwamba yale maandishi ya dhahabu hayakuwa daraja lolote rasmi. Lipo daraja la kweli la mvinyo wa Bordeaux, lililopangwa mwaka 1855, ambalo kwa mvinyo mwekundu linahusu takriban mashamba sitini tu, karibu yote yakiwa wilaya ya Médoc, na chupa za huko zinaweza kweli kuishi miongo kadhaa. Lakini sehemu kubwa ya mvinyo unaouzwa kwa jina la Bordeaux ni mvinyo wa kawaida, uliotengenezwa unywewe ndani ya miaka michache tangu mavuno, hata ukikaa katika ghala bora kabisa la nchi yenyewe. Hakuna mtu aliyeutengeneza kwa matarajio kwamba utasubiri harusi ya mtoto aliyezaliwa leo.

Hata kama katoni yako ingetoka katika mashamba yale makubwa, kabati lako lingeiua. Ndani ya chupa mvinyo unaendelea kubadilika: tanini, yaani ule ukakasi unaokausha ulimi, huungana na rangi na kutua chini, ukali hulainika, na harufu za matunda mabichi hugeuka polepole kuwa za ngozi, tumbaku na majani makavu. Mabadiliko hayo yanapendeza yanapokwenda taratibu, na ndiyo maana maghala ya chini ya ardhi huko Ufaransa hukaa kwenye nyuzi 12 au 13 karibu mwaka mzima, usiku na mchana. Dar es Salaam, kuanzia Desemba hadi Machi, joto la mchana hufika nyuzi 31 au 32 kivulini, usiku halishuki sana chini ya 25, na juu ya kabati, karibu na dari iliyo chini ya bati, ni zaidi ya hapo. Wanakemia wana kanuni ya makadirio kwamba joto likipanda kwa nyuzi 10, mwendo wa mabadiliko mengi ya kikemikali huongezeka takriban mara mbili. Usije ukadhani basi kwamba kwetu mvinyo utakomaa upesi na wewe ukafaidika kwa kutosubiri. Kila badiliko lina mwendo wake, na lile linaloharibu matunda hukimbia mbele ya lile linalolainisha ukakasi, hivyo unachopata ni mvinyo uliopikwa.

Kuna na jambo la kizibo. Mvinyo ukipata joto hutanuka, hewa iliyo shingoni hubanwa, na kizibo cha gome husukumwa nje kidogo huku matone yakipenya ubavuni. Joto likishuka, mvinyo husinyaa na chupa huvuta hewa ya nje ndani. Rudia hilo kila kiyoyozi kinapowashwa na kuzimwa, kiangazi baada ya kiangazi, na oksijeni itakuwa imeingia ya kutosha kuugeuza mvinyo rangi na kuwapa bakteria wa siki kazi ya kufanya. Ule utando unaonata niliouona shingoni ndio uliokuwa ushahidi wake, na wewe unaweza kuutafuta dukani kabla hujalipa: pitisha kidole kuzunguka mdomo wa chupa, tazama kama kizibo kimejitokeza, na linganisha kimo cha mvinyo shingoni na chupa nyingine za aina hiyo hiyo. Chupa ambayo kimo chake kimeshuka kuliko wenzake iache hapo hapo, hata kama bei imepunguzwa. Tena usisahau kwamba kabla ya kufika rafuni chupa hiyo ilisafiri kwa meli ndani ya kontena, na kontena lisilo na ubaridi likikaa bandarini juani, ndani yake huwa kama oveni. Muulize mwenye duka kama mzigo wake huja katika kontena la baridi. Akikushangaa, umepata jibu.

Kwa hiyo kanuni ninayokusihi uishike, hata ukiacha mengine yote niliyoandika, ni hii: katika joto letu, nunua mvinyo utakaounywa ndani ya mwezi huo, katika duka ambalo mzigo wake unatoka haraka, na mpaka siku ya kuufungua ukae ndani ya friji. Ndiyo, hata mwekundu. Utawakuta watu wakikuambia kwamba friji hukausha kizibo, na ni kweli kwa chupa iliyokaa humo muda mrefu sana, lakini mwezi mmoja hauna madhara, ilhali kiangazi kimoja juu ya kabati kina madhara makubwa. Utawakuta pia wanaosema mvinyo mwekundu hunywewa katika joto la chumba. Usemi huo ulizaliwa Ulaya, katika nyumba za zamani ambazo chumba cha kulia kilikuwa na nyuzi 16 hadi 18. Chumba cha Tabata hakimo katika hesabu hiyo. Toa chupa kwenye friji kama nusu saa kabla ya kula, na utashangaa jinsi mvinyo ule ule uliouona mzito na wenye kuchoma kooni unavyokuwa mwepesi na wenye harufu ya matunda.

Umesema pia kwamba pamoja na katoni utanunua chupa ya wiski ya miaka 12 ili ifikapo sendofu iwe ya miaka zaidi ya 30. Haitakuwa hivyo. Wiski hukomaa ndani ya pipa la mwaloni na si ndani ya chupa. Sheria ya Scotland inadai angalau miaka 3 ndani ya pipa, na namba iliyoandikwa kwenye lebo ni umri wa wiski changa kuliko zote zilizochanganywa humo, ukihesabiwa mpaka siku ilipotolewa pipani. Baada ya hapo saa imesimama. Chupa ya miaka 12 utakayoitunza mpaka binti aolewe itabaki ya miaka 12. Jambo jema ni kwamba kilevi cha asilimia 40 kinastahimili joto kuliko mvinyo, kwa hiyo ukiisimamisha wima, ili pombe isikile kizibo, na ukaiepusha na jua, utaikuta karibu kama ulivyoiacha. Ukitaka lazima kumwekea binti chupa, basi hiyo ndiyo njia isiyokuumiza, ilimradi usitarajie maajabu.

Na kama moyo wako umeshikilia mvinyo tu, upo mmoja ambao joto halikuwa adui yake, nao ni wa Madeira, kisiwa cha Ureno katika Atlantiki. Zamani mapipa yake yalipakiwa kwenye meli zilizopita nchi za joto, na wafanyabiashara wakagundua kwamba mvinyo unarudi mtamu kuliko ulivyoondoka. Siku hizi wenyeji huupasha joto kwa makusudi, wengine katika matangi yenye nyuzi 45 hadi 50 kwa miezi isiyopungua 3, wengine kwa kuacha mapipa darini miaka mingi, na huongezewa pombe kali hadi kufikia kati ya asilimia 17 na 22. Mvinyo ambao umeshapikwa na kupigwa na hewa kabla haujafika kwako hauna mengi ya kupoteza. Dukani kwetu ni adimu, lakini ukiwa na ndugu anayepitia Lisbon mwagize chupa moja, nayo pia isimamishe wima.

Katika kujifunza, fedha ya katoni ile itakufikisha mbali zaidi ukiigawa. Nunua chupa moja moja, mpya, na uzionje kwa jozi: Chenin Blanc (aina ya zabibu za mvinyo mweupe) ya Dodoma kando ya Chenin Blanc ya Afrika Kusini, zote kutoka friji moja, usiku mmoja, na uandike unachonusa kabla hujasoma lebo. Dodoma ina bahati ambayo mashamba ya Ulaya hayana, kwa kuwa mizabibu yake huweza kuvunwa mara mbili kwa mwaka, na mvinyo wake mwingi hutengenezwa unywewe ungali mchanga, jambo linalotufaa kabisa sisi tusio na maghala ya baridi. Panda treni ya SGR uende ukanunue kwa watengenezaji wenyewe, uwaulize umetiwa chupani lini, na ujaribu mwekundu wa zabibu za Makutupora, ambazo hutazikuta kwenye rafu za Paris. Bia nayo ichague kwa tarehe; inapotoka kiwandani imeshakamilika, na ile iliyokaa kwenye chupa nyeupe au ya kijani chini ya taa hupata harufu mbaya kwa sababu mwanga huharibu hopsi zilizomo, yaani yale maua yanayoipa bia uchungu.

Kuhusu sendofu, iweke benki fedha uliyotaka kuifungia kabatini, na mwaka wa shughuli ukifika nunua mvinyo uliokomazwa na watu wenye ghala la nyuzi 13, uletwe wiki hiyo hiyo na uingie kwenye friji moja kwa moja. Iwapo umeshalipa katoni, rudi dukani kesho asubuhi na risiti yako, omba ubadilishiwe kwa chupa tofauti tofauti za mavuno ya karibuni. Wakikataa, ibebe nyumbani usiku jua likiwa limetua, ondoa vyakula vya rafu ya chini ya friji, zilaze chupa zote humo, na ualike wakwe Jumamosi hii.