Kadansi inakudanganya? Hesabu magoti kwanza

Kama unapiga kinga (baiskeli) ndani ya nyumba na Zwift, ile programu ya mazoezi ya kinga, inakuandikia kadansi (mizunguko ya pedali kwa dakika) 44 wakati miguu inakimbia, usitupe bado kapteri, kile kifaa kidogo kinapima kadansi. Hapa Goma kuko wenye wanapenda hometrena (kifaa cha kufungia kinga uendeshe bila kutoka nyumbani) sababu ya vumbi ya mawe ya volkano na pikipiki zenye hazikuachii njia, na karibu wote wananiuliza hii kitu.

Weka saa ya telefone, hesabu goti la kuume linapanda mara ngapi kwa segonde 15, zidisha na 4. Ukipata 88 na skrini inasema 44, ugonjwa ule ni tofauti kabisa na wa namba yenye kurukaruka.

Skrini ikionyesha nusu ao mara mbili ya hesabu yako, angalia nani anatuma ile namba. Hapa njo watu wanapotelea. Hometrena nyingi hazipimi kadansi, zinakisia: kila mguu ukisukuma nguvu inapanda kisha inashuka, mapigo mawili kwa mzunguko moja, nayo inahesabu mapigo. Sasa ukikanyaga pole sana, ao ukisimama juu ya pedali, ao mguu moja ukiwa mvivu kuliko mwenzake, hesabu inaharibika. Mie kadansi ya kukisia siiamini hata kidogo. Mu ukurasa wa Zwift wa kuunganisha vifaa, nguvu uachie hometrena, lakini kadansi uchague kapteri yenye umefunga kwa mkono wa pedali, basi.

Kama ni kapteri yenyewe inarukaruka, mara nyingi ni pile (betri). Hizi ndogo za CR2032 unazipata kwa mafundi wa saa kule Birere, ila zingine zimekaa sana kwa jua, omba fundi apime mbele yako, mpya inaonyesha volti 3 na kitu. Kaza na mpira wake, ikichezacheza inasoma ovyo. Kapteri ya sumaku, isogeze mpaka kati yake na sumaku ibakie milimita chache tu.

Halafu Blututi. Kapteri nyingi zinakubali kifaa kimoja tu kwa wakati, telefone ikishaikamata, tableti inakosa, kwa hiyo zima Blututi ya telefone kwanza. ANT+, njia ingine ya kutuma namba bila waya, inarushia wote, lakini ile kifaa chake cha USB kikijificha nyuma ya ordinateri signali inafika imechoka, tafuta kamba ya kurefusha ukilete karibu na pedali, na modemu ya Wi-Fi uipeleke mbali, yote inatumia mawimbi ya 2.4 GHz.

Na umeme ukikatika kisha ukarudi, mbele ya kupanda kinga fungua tena ule ukurasa, uone kadansi inatoka wapi.