Gego limezibwa kwa dawa nyeupe, mbona ukitafuna linapiga shoti?

Mkuu, unasema gego lako lilizibwa wiki tatu zilizopita, ukitulia haliumi, ila ukitafuna kitu kigumu linapiga shoti na maji baridi yanachoma. Mimi natibu meno hapa Mwanza, na hili nimelijua kupitia kosa langu mwenyewe.

Ile dawa nyeupe, kompositi, huwekwa ikiwa laini, ikimulikwa na taa ya bluu inakuwa ngumu. Ikigumu inasinyaa, mara nyingi asilimia 2 hadi 3 ya ujazo wake. Unaweza kuona ni kidogo, lakini imegandishwa kwa gundi kwenye kuta za jino. Kwa hiyo itazivuta kuta, au itabanduka pale gundi iliposhika vibaya, na hapo mara nyingi ni sakafuni mwa shimo, kwenye dentini (sehemu ya ndani ya jino), kwani enameli, lile ganda gumu la nje, hushika vizuri zaidi. Shimo la katikati ya gego ndilo gumu kuliko yote: dawa imeshikwa pande 5, iko huru juu tu. Ikiachia chini, unabaki mwanya wenye majimaji. Ukitafuna, yanasukumwa kwenye vitundu vya dentini, mshipa wa fahamu unashtuka.

Mama mmoja muuza dagaa pale Mwaloni Kirumba alinirudia siku ya nne analalamika kama wewe. Foleni ilikuwa ndefu, nikalijaza shimo la milimita 4 kwa mkupuo mmoja, na mate yaliyoingia niliyafuta tu kwa pamba. Nilipolifungua, kipande cha chini kilitoka kizima, upande wa sakafuni unang'aa. Hakikuwa kimeshika popote. Niliumia sana, maana alikuwa amelipa hela ya siku mbili za biashara.

Nikarudia kwa kuzuia mate kwa shuka la mpira. Asidi ya kuandaa jino lishike gundi sekunde 15, nikaosha, nikakausha kwa kiasi (dentini ikikauka mno nyuzi zake hulala, gundi haipenyi), kisha tabaka za milimita 2 za mshazari, kila moja na taa yake. Wiki iliyofuata alikuja na dagaa wakavu, akatafuna mbele yangu kwa upande ule ule.

Wewe rudi kwa aliyekuziba. Kwanza akupime kwa karatasi ya rangi ya kung'ata, huenda dawa imezidi kimo tu, hiyo inasagwa dakika moja. Aangalie pia kama jino lina ufa. Kama linauma lenyewe usiku, hiyo ni habari nyingine, kiini cha jino, penye mshipa, kimeathirika, usichelewe. Lakini kwa shoti ya kutafuna peke yake usikubali kung'olewa kabla dawa haijafunguliwa. Na akirudia, muulize ataweka tabaka ngapi.