Injini ikizima ukiwa futi 400, USIGEUZE

Mdogo wangu, usithubutu. Umeandika kwamba mwalimu wako amekwambia injini ya Cessna 172, ile ndege ndogo ya injini moja, ikizima punde baada ya kuruka, "geuza upesi, uwanja uko nyuma yako". Maneno hayo hayo niliambiwa mimi, na pingili mbili za uti wangu wa mgongo zilivunjika kwa sababu yake.

Tulikuwa wawili, kiwanja cha murram, asubuhi. Petroli ilikuwa na maji. Kabla ya kuruka nilikinga kidogo ya tangi la kushoto nikaiangalia kama ina maji, la kulia nikalipita kwa haraka zangu. Kwenye futi 400 hivi injini ikakohoa, ikanyamaza. Mbele yangu kulikuwa na shamba la mahindi, refu, tambarare. Nililiona! Nikaliacha, nikailaza ndege kushoto nirudi.

Kurudi si nusu duara tu. Ukimaliza nusu duara uko kando ya njia ya kurukia, unahitaji kugeuka zaidi ndipo uilenge. Ukiilaza ndege digrii 60, kasi ya chini kabisa ambayo bawa bado linabeba inapanda kwa asilimia 41, na wewe injini huna. Ardhi inakujia, mkono unavuta usukani wenyewe, mguu unakanyaga pedali ili ndege igeuke haraka. Bawa la kushoto likaacha kubeba, tukapinduka. Tuliangukia shamba lile lile la mahindi, ila kwa bawa badala ya magurudumu. Rafiki niliyembeba hajapanda ndege tena.

Na wewe unarukia uwanja wa Wilson, Nairobi, zaidi ya futi 5,500 juu ya bahari! Hewa ni nyepesi, ndege inakwenda kasi kuliko saa ya kasi inavyosoma, kwa hiyo duara lako ni pana zaidi.

Mwalimu wangu hakunichorea haya hata kwenye karatasi. Alinipa sentensi moja akaenda kunywa chai. Hasira hiyo sijaimaliza.

Pua chini KWANZA, kasi ya noti 65 (maili za baharini kwa saa) au kama kitabu cha ndege yako kinavyosema, kisha chagua mahali mbele yako, kushoto kidogo au kulia kidogo. Kabla ya kila safari tamka kwa sauti: chini ya futi 1,000 kutoka ardhini sirudi.

Wewe mwombe mwalimu mpande juu sana, apunguze nguvu ya injini hadi mwisho, ugeuze mpaka uelekee ulikotoka. Soma kimo kabla na baada, halafu uniandikie umepoteza futi ngapi.