Muulize Shangazi: Uzi wa sweta haukaushi vyombo

*Shikamoo Shangazi. Tuko wasichana wanne kwenye nyumba ya kupanga hapa Morogoro, jiko ni moja. Vitambaa vya jikoni vinatugombanisha. Huyu anafutia meza, mwenzake anakuja nyuma anafutia glasi kwa kitambaa hicho hicho, na kikikaa siku mbili kinanuka. Mimi najua kufuma sweta, nikaamua nifume vyetu. Nilitumia nyuzi zilizobaki, na sindano zangu ni spoku za baiskeli alizoniachia bibi. Nimeshafuma vitano. Vinapendeza, lakini ni vigumu kama boksi, na maji havinyonyi, vinayasukuma tu kwenye sahani. Nimekosea wapi?*
*Mfumaji, Morogoro*

Marahaba mwanangu. Kufuma hujakosea. Umekosea uzi, na sindano pia zimechangia.

Nyuzi nyingi za sweta zinazouzwa madukani ni akriliki, ambayo ni ndugu wa plastiki. Sweta yake inatia joto vizuri, ila maji haiyanywi. Kama uzi hauna lebo, kata kipande cha urefu wa kidole, kishike kwa koleo juu ya bakuli la maji, kiwashe. Pamba inaungua kama karatasi, harufu yake ya karatasi, na majivu ukiyagusa yanasagika. Akriliki inayeyuka, inajikunja, inaacha kidonge cheusi kigumu.

Kidonge hicho nakijua kwa ngozi yangu. Tulikuwa familia tano kwenye nyumba moja Ngamiani, Tanga, jiko la pamoja uani. Jioni moja niliepua sufuria ya wali kwa kitambaa nilichokifuma mwenyewe kwa uzi wa sweta. Kiliyeyuka, kikanata kwenye vidole viwili, na alama ninayo mpaka leo. Kwa hiyo hivyo vitano vyako viondoe jikoni leo leo. Vifutie viatu, au uviweke chini ya vyungu vya maua.

Sasa tafuta pamba tupu. Uzi mweupe wa kroshia unapatikana, ila ni mwembamba, kwa hiyo shika nyuzi mbili au tatu pamoja ufume kama uzi mmoja. Pamba ina sifa moja ninayoipenda sana: ikilowa inazidi kuwa imara, ndiyo maana inavumilia kusuguliwa na kukamuliwa kila siku. Ila haivutiki kama sufu, vidole vitachoka mapema. Fuma mistari kumi, pumzika, usikaze.

Spoku ya baiskeli unene wake ni kama milimita 2. Kwa soksi inafaa, lakini kwa uzi mnene inabana vitanzi mpaka maji hayana pa kuingilia, na ndio huo ugumu wa boksi. Tafuta sindano za milimita 4 au 4.5, za mianzi ukizipata, maana ni nyepesi na hazitelezi.

Cha kuoshea vyombo kifume kuanzia kwenye pembe. Anza na vitanzi 4, fuma mstari mmoja. Kuanzia hapo, kila mstari fuma vitanzi viwili, zungusha uzi juu ya sindano mara moja, kisha fuma mpaka mwisho. Kila mstari unaongeza kitanzi kimoja, na pembeni panabaki safu ya vitundu vizuri. Ukifika vitanzi 44 anza kupunguza: fuma kimoja, fuma viwili kwa pamoja, zungusha uzi, fuma viwili kwa pamoja tena, malizia mstari. Vikibaki 4, funga. Uzuri wake ni kwamba uzi haukuishii njiani. Kabla ya kuanza, gawa donge lako mara mbili sawasawa. La kwanza likikaribia kwisha, anza kupunguza hata kama hujafika 44.

Cha kukaushia kifume bapa, mstari mmoja wa mbele, mmoja wa nyuma, ili upande wa juu uwe laini na usiache nyuzi kwenye glasi. Mkono wangu kwa sindano za 4.5 unatoa vitanzi 18 kwa sentimita 10, hivyo vitanzi 54 vinanipa upana wa sentimita 30. Lakini vitanzi vinne vya kila ukingo, na mistari sita ya mwanzo na ya mwisho, fuma mshono wa mbele tu, la sivyo kitambaa kitajiviringisha kama mkeka.

Na hapa ndipo ugomvi wenu utakapopungua. Watu wanashauri kila kazi iwe na rangi yake. Mimi nasema vyote viwe vyeupe, vitofautiane kwa kugusa: chenye matuta ni cha kuoshea, laini ni cha kukaushia. Umeme ukikatika, au mwenzenu akirudi usiku amechoka, mkono unatambua wenyewe. Cha meza kipe kitanzi kirefu cha kuning'inizia, na msumari wake uwe mbali na sinki.

Weupe una faida nyingine. Kitambaa kinachotumiwa na mikono minne lazima kichemshwe, na cheupe cha pamba kinachemka bila wasiwasi. Fuma vya kuoshea sita, vya kukaushia vinne. Jumamosi vyote viingie kwenye sufuria na sabuni ya mche iliyokunwa, vichemke dakika kumi, vikaanikwe juani. Ile dawa ya kulainisha nguo msiiguse. Inaipaka pamba utando, na mtarudi kule kule kwenye maji kusukumwa.

Anza na kimoja tu. Kitumieni wiki nzima, kikishaoshwa kipime tena kwa rula, maana pamba hunywea kidogo mara ya kwanza, ndipo ujue vingine uvifume kwa ukubwa gani.

*Shangazi, nilifuma vya mistari mekundu na meupe kwa pamba kama ulivyofundisha zamani. Nyekundu imechuja, kitambaa chote kimekuwa waridi. Chumvi itasaidia?*
*Msomaji, Iringa*

Chumvi haitaishika rangi iliyokwisha kuchuja, mama. Vioshe peke yake kwenye maji ya baridi mpaka maji yatoke meupe, ndipo viguse vikombe. Safari nyingine, kabla ya kufuma, lowesha kipande cha uzi wa rangi, kifunge kwenye kitambaa cheupe kibichi, kilale hapo usiku kucha. Asubuhi utajua.