Mbao za kubebea boti: mkaratusi au mvule?

Ndugu wa Bukavu, umeuliza kama mkaratusi unafaa kurudishia zile mbao zilizooza kwenye mtambo wa kunyanyulia boti yako ya aluminiamu hapo Ziwa Kivu. Mimi ningeuacha. Ni mgumu kweli, lakini ukikauka hupinda na kupasuka, na boti inataka mahali paliponyooka. Tafuta mvule mkavu, hauozi upesi. Bei itauma, ujue hilo.

Tripleksi, ile mbao ya tabaka zilizogundishwa, usiiguse, hata fundi akikuapia kuwa ni ya majini: kingo zikishanywa maji, tabaka zinaachana.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni ile mbao ya kijani uliyopendekezewa, iliyotiwa dawa ya kuzuia kuoza. Dawa yake mara nyingi ina shaba, na shaba ikikutana na aluminiamu penye unyevu, bati la boti linalika polepole. Kama umeshainunua, weka ukanda wa plastiki ngumu kati yake na boti. Zulia halisaidii hapo, linashika maji. Bulo (bolti) ziwe za inoksi, chuma kisichoshika kutu, vichwa vizamishwe ndani ya mbao visikwaruze boti. Na oili chafu ya injini usipake kabisa. Watu wanachota maji humo ziwani.