Kabla Hujapiga Mahesabu ya Saa ya Molekuli

Wadogo zangu wa maabara, nimeletewa tena mti wa ukoo wa spishi, uliopigwa kwa saa ya molekuli (kukadiria umri kwa kuhesabu tofauti za DNA), unaodai sisi na sokwe mtu tuliachana miaka milioni 24 iliyopita. Nawapenda, lakini hapana.

1. Gawanya kwa mbili. Mutesheni (mabadiliko ya DNA) hujikusanya kwenye matawi yote mawili, si letu peke yake. Tofauti ya DNA yetu na ya sokwe mtu ni 1.2%, kasi ya mutesheni 0.5 × 10⁻⁹ kwa kila herufi ya DNA kwa mwaka: ukigawa kwa mbili ni miaka milioni 12, si 24. Ila ile kasi ya 2% kwa miaka milioni ya DNA ya mitokondria (ile ndogo iliyo nje ya kiini cha seli) tayari imehesabu pande zote mbili. Usiigawanye tena, jamani.

2. Soma kipimo. Ile kasi ya mutesheni ya binadamu, 1.2 × 10⁻⁸, ni kwa kizazi. Ukiiweka kama ya mwaka, sokwe anaachana nasi miaka 500,000 iliyopita, yaani anakuwa ndugu wa karibu kama Neanderthal, wale binadamu wa kale waliotoweka. Kuna aliyeniletea hiyo, na grafu ilikuwa nzuri kweli.

3. Jeni huachana kabla ya spishi, kwa kuwa mababu huwa tayari wana tofauti kati yao. Ndiyo maana hata ile milioni 12 si tarehe ya spishi. Mimi nililijua hili kwa kuumbuka. Nilichukua mitokondria za furu wa Ziwa Victoria, nikatumia ile 2%, nikapata zaidi ya miaka laki moja, nikasimama kwenye semina kifua mbele. Mzee mmoja wa jiolojia akauliza kwa upole: "Ziwa lilipokauka, hao samaki wako walihamia wapi?" Tope lililochimbuliwa chini ya ziwa linaonyesha lilikauka, likaanza kujaa tena takriban miaka 15,000 iliyopita. Badala ya kunyamaza nikaanza kulitilia shaka tope lenyewe, mbele ya mtu aliyezeekea kwenye tope! Watu wakaangalia viatu vyao. Mwenyekiti akatangaza chai kabla ya saa.

Saa haikuwa mbovu kama nilivyodhani. Mababu wa furu walikuwa machotara wa koo mbili, moja ya upande wa Kongo na nyingine ya Nile ya juu, wakaingia ziwani na tofauti za kale. Humo zikachipuka spishi mamia. Kanga ya bibi haikuambii umri wa mjukuu. Juu ya hapo, kasi iliyopimwa kwa mamilioni ya miaka huzeesha matukio ya juzi, kwa kuwa mutesheni nyingi mbaya bado hazijachujwa na uteuzi asilia. Nilikosea mara mbili kwa mstari mmoja wa hesabu, na mzee wa watu hakuhitaji hata kikokotoo.

4. Kisukuku (mabaki ya kale yaliyogeuka jiwe) hutoa umri wa chini tu. Sahelanthropus, kiumbe wa kale wa Chad, wa miaka kama milioni 7, ukikubali ni wa tawi letu, anasema "hamkuachana baada ya hapa", basi.

5. Kwa matawi ya kale sana, nafasi ya tatu ya kodoni (herufi tatu za DNA zinazosomwa pamoja) imeshajaa mutesheni zilizorudiana papo hapo, itoe kwenye hesabu.

6. Andika kipimo kwenye kichwa cha safu ya jedwali. Na msinitumie picha ya skrini, nitumieni faili.